Shikamoo ya Mgeni

Hakuna kitu Kadzo alichojifunza kwa bidii kama kuinama. Masomo ya Kijapani kwa Mwalimu Linet, pale mjini Malindi, yalikuwa yamemtia adabu mpya hadi ncha za vidole: kikombe hupokewa kwa mikono miwili, viatu huvuliwa mlangoni vikaelekezwa nje, na kamasi, jamani, hazipengwi mbele za watu. Alikuwa anakwenda Japani kutunza wazee katika nyumba ya Bi Morikawa, na siku hiyo Bi Morikawa mwenyewe alikuwa njiani kuja kwao Muyeye, kuwaona jamaa zake kabla ya kumkubali.

Jamaa zake wote ni Hawe Kabibi, nyanya yake, aliyemlea tangu mama mtu alipofariki. Na Hawe alikuwa na mambo yake. Alivuta ugoro, akapenga pua kwa pembe ya leso, na akikushika mkono hakuachii mpaka amalize habari za kijiji chake cha Adu kizima, mvua na mihogo.

"Inama hivi, Hawe. Mikono mapajani. Usimguse," Kadzo alimfundisha asubuhi ile.

"Mwanangu, mgongo huu ushainamishwa na jembe. Huyo mgeni ataka uiname hata wapi tena?"

Hawe alicheka, lakini alijaribu. Akajaribu tena. Kisha akapiga chafya ya ugoro, akapenga.

Kadzo aliona haya, haya ya kipuuzi za mtu aliyestaarabika juzi. Akamwomba Hawe akae chumbani, nyuma ya pazia, na mgeni akija asitoke wala asitoe sauti.

"Haya," akasema, akaingia.

Bi Morikawa alifika na Mwalimu Linet. Alikuwa mama wa makamo, mpole, na viatu alivivua mwenyewe. Kadzo aliinama, akatamka salamu ya Kijapani, "Hajimemashite", bila kigugumizi, akatoa chai kwa mikono miwili. Mwalimu Linet alitabasamu kwa fahari. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mno.

Ndipo mgeni akauliza kitu, na Linet akatafsiri: "Auliza bibi yako yuko wapi, yule aliyekulea."

"Amerudi Adu," Kadzo akajibu. Uongo ulimtoka mwepesi, hata yeye alishangaa.

Uso wa mgeni uliingia huzuni. Linet akaeleza kwamba njia nzima kutoka Mombasa Bi Morikawa alikuwa akijifunza salamu ya kumpa huyo bibi. Kwao mtu haingii nyumba ya watu bila kumheshimu mkubwa wa nyumba. Aliomba basi aitamke tu, wamwambie kama ameipata.

Akasimama, akaweka mikono mapajani, akainama mpaka chini.

"Shikamoo, bibi."

Kadzo angejibu nini? Mgeni alimzidi umri, na mtoto haitikii shikamoo ya mkubwa. Linet naye vilevile. Salamu ikabaki hewani, haina mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Karibu." Kisha, kwa unyonge: "Nisamehe, Kadzo. Shikamoo haiachwi hivihivi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Kadzo haikufika hata mlangoni. Linet alimtazama kwa jicho ambalo halikuhitaji kutafsiriwa, na Kadzo akajua safari imeota mbawa. Ajabu ni kwamba hilo halikumuuma. Kilichomuuma kilikuwa nyuma ya pazia.

Akalifungua. Hawe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na leso yake mpya, ile ya sikukuu. Mikono ameiweka mapajani. Mgongo ameuinamisha, vilevile alivyofundishwa.

Bi Morikawa alimpita Kadzo, akapiga magoti, akaushika mkono wa Hawe, na Hawe hakuuachia.

Kadzo alibaki amesimama, Kijapani chote kimemtoka kichwani. Akakumbuka kwamba tangu kulipokucha alikuwa akimsahihisha bibi huyu, na salamu hajampa.

"Shikamoo, Hawe," akasema.

Ya mgeni, Hawe alikuwa ameiitikia papo hapo. Ya Kadzo alikawia kuiitikia.