Wageni wa Barua za Nuriat

Jumatatu baada ya chai, Celina alikuwa amepiga magoti uani pa ushirika wa wakulima wa vanila, Ijumbi, akigeuza vanila juu ya blanketi jeusi ili jua liipate upande wa pili, mgeni alipotokea migombani.

Alikuwa mama wa makamo, mnene, amevaa aproni. Mkono mmoja ulijaa unga, mwingine ulishika mwiko. Dakika moja kabla alikuwa jikoni kwake, ng'ambo huko kwenye baridi. Akasoma barua pepe ya Nuriat kwenye simu, akabonyeza palipoandikwa ingia, akaingia. Wote waliokuja kwenye tovuti ya ushirika kwa njia ya barua pepe walifika hivyo: kwa miguu yao, kupitia migombani nyuma ya ghala, na chochote walichokuwa wameshika.

"Karibu, waitu," Celina alisema bila kuinuka. "Usikanyage blanketi."

"Nuriat yupo?"

"Yupo ndani. Kwanza tafuna kahawa."

Akampa akamwani, zile buni za kuchemsha na kukausha anazopewa kila mgeni Buhaya. Mama alitafuna, akanusa vanila, akachukua pakiti mbili, akalipa, akaulizia habari za mvua, akarudi migombani. Unga ulibaki kwenye komeo la mlango wa ghala. Celina aliufuta kwa kanga.

Nuriat alikuwa mwenyeji wa Ijuganyondo, Bukoba, na siku za kazi alilala kwenye chumba cha kupanga Ijumbi. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia walionunua. Hakuwa na ujanja mwingine. Alimwandikia kila mtu kwa jina lake, akamwambia kwamba mvua ya mawe imeangusha maua, kwamba mzee Kashaija bado anachavusha ua kwa ua kwa mwiba wa mchungwa, kisha akauliza binti aliyekuwa anaolewa anaendeleaje. Walikuja wachache. Karibu wote waliondoka na mzigo.

Wengine waliletwa na matangazo ya mtandaoni. Hao walifika kwa barabara kubwa itokayo Muleba, kundi kwa kundi, nyuso zimegeuka upande, miguu haigusi ardhi. Walielea juu ya mablanketi muda wa kupepesa jicho, wakapotea.

"Hawa ni senene kwenye taa," alisema Kashaija. "Ila senene angalau unamkaanga."

Matangazo hayo yalitengenezwa Mwanza na shemeji wa Mutembei, meneja wa ushirika, na gharama yake ilikatwa kwenye kila kilo ya mkulima. Mkulima hakuulizwa. Na ripoti iliyokuja kila mwezi iliwaandika wageni wa Nuriat chini ya maneno "njia haijulikani", maana barua pepe mara nyingi hupoteza harufu yake njiani, na mashine haikujua watu hao wametokea wapi. Mutembei aliisoma ripoti, akazunguka nyuma ya ghala, akakiangalia kijia cha migombani.

"Dada Nuriat, watu wako wanapita nyuma," alisema. "Nyuma wanapita wezi na mbuzi."

"Na ndugu, meneja. Ndugu hazunguki barabarani kuja kwa nduguye."

"Ripoti haina sehemu ya ndugu."

Kesho yake mafundi walizungushia mabati nyuma ya ghala. Wageni walisimama ng'ambo ya mabati wakimwita Nuriat: mwanamume mwenye povu la kunyolea ndevu, bibi mwenye soksi moja, kijana na sufuria ya maziwa. Mlinzi, Rugaibula, aliagizwa awazungushe mpaka geti la mbele, na pale getini amgonge kila mmoja muhuri wa zambarau mkononi: MATANGAZO.

"Mimi nimekuja kwa barua," alisema mwenye povu.

"Najua, tata. Lete mkono."

Wakanunua kama kawaida. Ripoti ya mwezi ule ilionyesha matangazo yamepanda kama moshi wa jiko jipya, na njia isiyojulikana imekufa.

Wanachama waliitwa kwenye mkutano. La kuamuliwa lilikuwa moja: makato ya matangazo yakome na Nuriat aendelee kuandika, au makato yabaki na Nuriat aende. Kashaija alisimama kwanza, fimbo mkononi.

"Mutembei, mimi nakujua tangu unakojoa kwenye kibanja cha baba yako. Unanikata hela yangu ili shemeji yako aniletee upepo? Upepo! Wanunuzi anawaleta huyu binti, wewe unawapiga muhuri kama mbuzi wa mnadani, halafu unasema ni wako. Huo ni wizi. Nasema hivyo, andika kwenye muhtasari."

"Taratibu, mzee," alisema Mutembei. "Tuongee kwa ushahidi."

Mama wa aproni alikuwepo, kwa sababu Nuriat alimwandikia aje. Akasimama. "Barua ndiyo iliyonileta," alisema. "Tangazo lenu nimeliona mara nyingi, linaziba habari ninazosoma. Nalifukuza kama inzi."

Mutembei alimshukuru sana. Akamshika mkono, akaupangusa unga kwa leso yake safi, akauinua juu watu wauone muhuri.

"Wanachama, someni wenyewe."

Wakasoma. Wakamwangalia Mutembei, kisha mizani iliyosimama nyuma yake, maana ndiye aliyepima vanila ya kila mmoja wao na ndiye aliyesema ipi ni daraja la kwanza. Mikono ikapanda. Makato yakabaki. Wa Kashaija haukupanda, wa Celina ulipanda nusu ukashuka.

"Nisamehe, mwanangu," Celina alimwambia Nuriat nje.

"Una watoto, mama. Najua."

Nuriat alirudi Ijuganyondo. Anwani za wateja alinyang'anywa, kwa madai kwamba ni mali ya ushirika. Mutembei akatuma barua moja kwa wote, ikianza "Ndugu Mteja", na picha yake mwenyewe akiwa amevaa tai. Hakuna aliyekuja kwa miguu. Wachache walifuata barua za zamani mpaka Ijuganyondo, wakagonga na miiko yao. Nuriat aliwapa kahawa watafune.

"Vanila sina," aliwaambia. "Wanayo, lakini mimi hawaniruhusu kuiuza."

Wakakaa kidogo, wakaondoka mikono mitupu.

Ijumbi, hela iliyokuwa mshahara wa Nuriat iliongezwa kwenye matangazo. Kundi likawa kubwa, likaelea uani kutwa nzima, safu juu ya safu, mpaka jua likashindwa kufika kwenye mablanketi. Celina alilisukuma kwa ufagio mrefu wa kutolea utando, likasogea, likarudi. Vanila haikukauka. Ikaota ukungu mweupe, ya Kashaija kwanza, na dalali kutoka Bukoba akaibeba yote kwa bei ya magugu.

Katika mkutano wa mwaka Mutembei alisoma ripoti akiwa amewasha taa, kwa kuwa saa sita mchana pale palikuwa giza. Ushirika haujawahi kupata wageni wengi namna hii, alisema. Makato yakapandishwa, kwa sababu wageni walikuwa wengi.