Mguu Chini ya Meza

Chiriku alipachikwa jina hilo na bibi yake kwa kuongea mdomo ukiwa umejaa chakula, na leo mdomo huo ungeweza kumponza. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameposwa na fundi saa, mwanamume mpole asiye na neno. Mwenye neno alikuwa mama wa fundi saa, mkunga mstaafu. Alisema mkwe anamtaka, ila lazima kwanza amwone mtoto akila mezani. Asipompenda, Chiriku atabaki kwa bibi yake, na mama ataolewa peke yake. Hakuna aliyemwambia haya. Aliyasikia mwenyewe, akijifanya amelala.

Wiki nzima mama alimfunza kwenye meza ya kukatia nguo: usifyonze mchuzi, shusha viwiko, tafuna taratibu kama mtu aliyekwisha shiba. Wakawekeana ishara. Mama akimkanyaga mara moja, afunge mdomo. Mara mbili, apunguze kasi.

Sasa, nyumbani kwake, mkunga alikuwa mbele yao, mwanawe kando yake, mgongo umenyooka, akiwapakulia wali. Chiriku akachota kidogo mno. Akakanyagwa. Akafunga mdomo. Akakanyagwa tena na tena, akapunguza kasi hadi wali ukapoa kijikoni, na mguu wa mama haukukoma. Kosa liko wapi? Alishusha viwiko, akajifuta midomo, mwishowe akaacha kabisa kula. Kijiko kikamponyoka.

Akainama kukiokota, japo hilo nalo alikatazwa.

Chini ya meza, mguu wa mama ulikuwa ukitetemeka wenyewe ndani ya kiatu cha kuazima. Haukuwa ukimwonya mtu. Huko juu mama alikuwa akitabasamu na kusifia mapazia.

Chiriku akaketi tena. Akauweka mguu wake juu ya ule wa mama, akaukandamiza polepole.

"Mbona huli?" mkunga akamuuliza. "Chakula kibaya?"

"Kizuri, bibi. Ila tunaogopa, mimi na mama."

Mama aliacha kutabasamu. Fundi saa akaikazia macho glasi yake ya maji.

"Basi tuko wengi," akasema mkunga, akitazama sahani yake mwenyewe, ambayo wali wake ulikuwa haujaguswa. Akachukua kijiko, akawangoja nao wachukue vyao.

Chiriku alikula, lakini mguu wake hakuuondoa.