Karai la Vilasini

Ukishabandika karai la dawa ya mzazi, wewe ni mfungwa. Huendi msalani bila kuacha mtu, huitikii hodi, hata nzi akitua puani unamvumilia. Chirutha aliujua ufungwa huo kwa miaka arubaini na mitatu. Kijijini kwao, kila aliyejifungua alipita mikononi mwake: akakandwa kwa mafuta, akaogeshwa kwa maji ya majani, akafungwa mkaja, akalishwa dawa ya kulamba mpaka mgongo ukarudi mahali pake.

Kila mtu isipokuwa mmoja, naye ni Vilasini, binti yake wa kumzaa mwenyewe. Miaka minane nyuma, Vilasini alipojifungua mtoto wa kwanza, Chirutha alikuwa amechukuliwa na nyumba kubwa ya mkandarasi kumkanda mkwe wao, siku arubaini, kulala huko huko. Vilasini akanunuliwa dawa ya dukani, ya kopo, tamu kama jamu na faida yake kama ya jamu. Tangu hapo akiinama kuokota fagio huinuka kwa vituo vitatu, kama ngazi ya kukunja.

Safari hii Chirutha aliapa. Mtoto wa pili alikuwa na siku kumi na nne, na kesho yake mama mtu alitakiwa kuanza kulamba. Kwa hiyo alfajiri ile, mvua ya mwezi wa Karkidakam ikipiga vigae kama ina kesi navyo, Chirutha alibandika karai la shaba. Vitunguu vidogo kilo mbili alivimenya mwenyewe, akalia machozi ya halali. Tui la kwanza huku, tui la pili huku, sukari guru, samli, uwatu, bizari nyembamba, na chupa ya asali ya msituni kwenye rafu. Mpaka saa saba atakuwa ameepua. Saa nane ana shughuli yake ndogo, naye asingependa kuchelewa, maana tusifichane: sari nyeupe ya pamba alikuwa ameipiga pasi tangu juzi.

Saa tatu, gari likapiga honi.

Alikuwa daktari Sreekumar, mwenye nyumba ya tiba kule juu ya kilima, wanakokuja wageni kupakwa mafuta na kunyamaza.

"Mama Chirutha, bado hujavaa?"

"Nivae nini? Barua yako inasema saa nane."

"Tumesogeza mbele. Wageni wana ndege ya kuwahi."

"Na mimi nina karai."

"Nusu saa tu, mama. Unavishwa shali, unapigwa picha, nakurudisha na gari. Bila wewe sherehe ya akina mama itakuwa ya nini?"

Chirutha alimtazama. Huyu alimwogesha mwenyewe. Alikuja duniani na kichwa kirefu kama papai, naye akakikanda kila asubuhi, wiki sita, mpaka kikakaa sawa. Siku nyingine hujiuliza kama hakukaza mno.

"Nenda, mama," Vilasini akasema toka chumbani. "Nusu saa si kitu."

"Wewe lala. Mzazi hapigi kelele."

Mwiko akampa mkwewe, Rajappan, fundi cherehani, mtu mwema ambaye hata chai huikoroga kwa kuipimia. "Usiache kukoroga. Ikianza kushika, tia samli kidogo kidogo. Asali usiiguse. Asali haiingii motoni, inaingia dawa ikishapoa kabisa. Asali ikichemka ni sumu. Nimesema nini?"

"Asali."

"Asali nini?"

"Nisiiguse."

"Hata ukiulizwa na mungu."

Ukumbini kulikuwa na bango: KUMHESHIMU MAMA, CHEMCHEMI YA NGUVU YA UUMBAJI. Chini yake walimchora mungu wa kike mwenye mikono minane. Chirutha aliikagua mmoja mmoja. Hakuna hata mkono mmoja ulioshika mwiko. Wageni, wanawake ishirini na kitu waliovaa nyeupe, walikuwa wamekaa chini wamefumba macho. Yeye akapandishwa jukwaani, kwenye kiti cha plastiki kilichofunikwa kitambaa ili kionekane si cha plastiki.

Kwanza taa iwashwe. Taa ilikuwa na tambi tano na watukufu watano, na juu yao pangaboi. Kila utambi uliowashwa, pangaboi likauzima. Hakuna aliyethubutu kuzima pangaboi, maana swichi ilikuwa nyuma ya kiti cha mwenyekiti. Utambi wa tano uliposhika, Chirutha alijua kwamba kule nyumbani vitunguu vimeshalainika na tui la pili linakaukia. Nusu saa ilikuwa imekwisha.

Ndipo hotuba zikaanza.

Wasemaji walikuwa saba, wote wanaume. Wa kwanza alisema mama ni dunia. Wa pili akamsahihisha: mama ni mbingu. Wa tatu, mwalimu mstaafu, alisema mwili wa mwanamke ni bustani, akaitembelea bustani hiyo kwa dakika ishirini na tano bila kupata mlango wa kutokea. Sasa sukari guru inaingia, Chirutha akawaza. Sasa inatoa povu. Sasa, Rajappan, punguza kuni, mwanangu, punguza kuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa unazunguka juu ya goti bila yeye kuutuma.

Wa nne alimlilia marehemu mama yake mpaka akatoa leso. Chirutha alimkumbuka vizuri mama huyo, alivyohamishiwa kibanda cha kuni alipoanza kukohoa.

Akainuka. Sreekumar akamshika kiwiko kwa adabu.

"Bado shali, mama. Shali ni mwisho."

"Nivishe sasa."

"Kuna utaratibu."

"Utaratibu wangu uko motoni."

"Wamebaki watatu tu."

Akakaa. Hilo ndilo lililomuudhi hata baadaye, kwamba alikaa. Mwanamke aliyewahi kumfukuza chumbani mkandarasi mzima na pete zake zote, leo anakalishwa na kiwiko. Alikuwa ameipiga pasi sari, ndiyo sababu. Ukishapiga pasi, umekubali.

Baada ya msemaji wa sita, mgeni mmoja mwenye macho ya buluu akaomba kuuliza. Mkalimani, kijana aliyechana nywele kwa mafuta mengi, akatafsiri: "Anauliza, unasikia nini nguvu ya kike inapopita mikononi mwako?"

"Mgongo unauma," Chirutha akasema.

Mkalimani akazungumza kwa muda mrefu, mikono ikipanda na kushuka. Wageni wakapiga makofi.

"Umewaambia nini wewe?"

"Hayo hayo, bibi. Nimeyapanua."

Chirutha akakinyakua kile kipaza sauti, akasema polepole, ili hata mwenye kupanua asipate nafasi: "Nina karai motoni. Binti yangu amejifungua. Naomba kwenda nyumbani."

Mkalimani akafumba macho, akapanua. Alipomaliza, wageni wawili walikuwa wanalia, na mmoja alikuja kumshika miguu.

Shali ilifika saa saba na robo. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, inang'aa kama karatasi ya peremende. Wakamvisha, wakamvua, wakamvisha tena kwa sababu mpiga picha hakuwa tayari. Alipotoka mbio, dereva alikuwa ameshakaa mbele ya jani la mgomba, wali na mboga zake zimekwisha, amefika kwenye uji mtamu wa maziwa. Na mtu aliyefika hapo haondolewi hata na polisi. Chirutha akakunja sari mpaka magotini, akashuka kilima kwa mguu, matope yakimchora pindo, akapata bajaji njia panda.

Harufu ilimpokea darajani, kabla ya nyumba kuonekana. Alijiandaa kwa harufu ya kuungua. Haikuwa hiyo. Ilikuwa samli na sukari guru iliyofika pale pale inapotakiwa, isiyopita hata kidole. Ndipo alipoogopa kweli kweli, kwa sababu Rajappan asingeweza.

Rajappan alikuwa barazani, amembeba mtoto.

"Mama, mimi nilikataa."

"Asali?"

"Nilishika chupa tu. Niliona imebaki peke yake, nikadhani umeisahau. Vilasini akaniona, akaninyang'anya mwiko."

Vilasini alikuwa jikoni, kwenye kigoda, miguu mbali, mkaja umelegea hadi nyonga, jasho linamtoka, mwiko mikononi. Siku ya kumi na nne.

"Shuka hapo," Chirutha akasema.

"Niende wapi? Imeshafika kwenye kushika."

"Siku ya kumi na nne, Vilasini."

"Nahesabu, mama. Mwenye kuzaa ni mimi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu nusu saa yenu ilipokwisha."

Chirutha akachukua mwiko. Akauburuta chini ya karai. Ukachora njia, na njia haikujifunga. Akachota kidogo, akaviringisha kwa vidole viwili. Ikawa kijidonge, haikunata. Hapakuwa na kitu cha kurekebisha. Aliyetafuta kuni kavu mwezi wa mvua, akamenya kilo mbili, akaapa, alikuwa amebakiziwa kuepua tu. Alihisi hasira ikimpanda, na hakujua aishushie nani: daktari, mwalimu wa bustani, au sari.

"Bizari imepungua," akasema.

"Haijapungua. Wewe hutia konzi yako moja, sivyo? Nimetia yangu moja na nusu."

"Nani alikufundisha?"

"Nilikuwa nakaa mlangoni kwenye majiko ya watu, mama, nikikusubiri umalize. Ulifikiri nalala?"

 Chirutha akaepua karai, akaweka maji ya majani motoni. Alimkanda binti yake mgongo kwa mafuta, akapafuata pale panapokwama, kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akamrushia maji ya moto tumboni na kiunoni mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akamfuta.

Mkaja ulikuwa umelowa jasho, na wa pili ulikuwa kambani siku ya nne bila kukauka. Chirutha akaitazama ile shali ya dhahabu. Akaikunja kwa urefu, akamzungushia Vilasini tumboni mara tatu, akakaza, akafunga. Vilasini akapiga hatua moja. Shali ikateleza, ikashuka mapajani, ikashuka magotini, ikalala chini miguuni pake, inang'aa.

Wote wawili wakaitazama.

Rajappan akasimama mlangoni, ameelekeza uso ukutani kwa heshima, simu mkononi. "Mama, ni daktari. Anasema picha haikutoka vizuri. Anauliza kama unaweza kurudi mara moja. Na shali uje nayo."

"Mwambie nina karai."

"Karai si umeshaliepua?"

"Rajappan."

"Nimesikia, mama."

Chirutha akaivua sari yake nyeupe, akabaki na sketi ya ndani na blauzi. Pindo lilikuwa matope, lakini juu ilikuwa pamba safi, kavu vya kutosha, na mistari ya pasi bado inaonekana. Akaishika kwa meno, akaichana kwa urefu, sauti yake ikamshtua mtoto kule barazani.

"Mama, sari yako."

"Vuta pumzi. Inua mikono."

Akazungusha, akavuta, goti limeegemezwa kwenye nyonga ya binti yake kama anafunga mzigo wa kuni.

"Unakaza mno."

"Hii ni ya mtoto huyu," Chirutha akasema, akachukua kipande cha pili. "Subiri sasa ya yule wa kwanza."