Kifungo cha Mzee Karakana

Kabla sijaanza kupiga deki kwenye chuo cha muziki, nilifanya kazi miaka kumi na tisa kwenye kiwanda cha nguo, na huko sheria ilikuwa moja: kabla hujafunga kifuniko cha mashine, toa kila kisicho chake. Sindano iliyovunjika, skrubu, kipande cha uzi, hata ganda la karanga. Msimamizi wetu alikuwa akisema kitu kidogo ndani ya mashine ni kama neno dogo ndani ya ndoa, hukioni mpaka siku kila kitu kinaposimama. Naanza na hili kwa sababu bila hili hutaelewa mtu mwenye akili zake timamu aliwezaje kufanya nilichofanya.

Chumba namba saba, mwisho wa korido ya juu, kilikuwa cha mzee mmoja mtunzi wa muziki. Alikuwa amestaafu kufundisha, lakini chuo kilimwachia chumba pamoja na ile piano kubwa ndefu yenye miguu mitatu. Mlinzi wa getini alimwita Mzee Karakana, maana ukipita mlangoni unasikia kama mtu anagonga bati, mwingine anakoroga bilauri kwa kijiko, na kwa mbali kengele ya baiskeli.

"Bibi," mlinzi aliniambia wiki yangu ya kwanza, "ukisikia kitu kimeanguka chumba cha saba usikimbie. Huo ndio wimbo."

Mzee mwenyewe alilijua hilo jina. "Mwambie," alinituma, "karakana yangu inafunguliwa mapema kuliko geti lake."

Kila siku saa nne alitoka kunyoosha mgongo, akakaa kwenye benchi la koridoni huku mimi nakamua dekio. Alinieleza habari za watunzi wa karne iliyopita kama mtu anavyosimulia ukoo wake, nani aligombana na nani na nani alihama nyumba. Kulikuwa na mmoja wa mji wa Vienna aliyechoka kuona sauti moja inakaa kichwani mwa meza kila siku na nyingine zinaitumikia. Akaweka sheria: sauti ziko kumi na mbili, zote zipate zamu ndipo ya kwanza irudi.

"Kama foleni ya bombani," nikasema.

"Hasa. Na watu walikasirika vilevile kama kwenye foleni ya bombani."

Wakaja wengine, baadaye sana, waliochukua kipande kifupi wakakirudia na kukirudia, kila mara wakibadilisha kama unywele mmoja tu, mpaka msikilizaji hajui kilibadilika saa ngapi.

"Huko ni kupiga deki, Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa. Akanieleza na wa tatu, aliyezunguka vijijini na mashine ya kunasia sauti akiwaomba bibi vizee wamwimbie nyimbo zao.

"Wakakubali?"

"Wangekuwa kama wewe, wangemwambia kwanza avue viatu."

"Na wewe, Mzee, muziki wako ni wa namna gani?"

"Wangu utausikia mwenyewe," akasema, akaingia ndani.

Na kweli niliusikia, miezi saba. Ulianza na zile sauti kumi na mbili, kila moja na zamu yake, taratibu. Kisha ukaja mzunguko wa kurudiarudia, nikajikuta dekio langu linafuata. Mwisho wake ndio sikuwahi kuusikia. Zamu yangu iliisha saa tisa, na mwisho aliupiga jioni, watu wakishapungua. Wala sikuwahi kuona ndani ya ile piano. Kifuniko alikishusha kila nilipoingia, kwa sababu ya vumbi langu. Basi mimi nikajijazia mwenyewe: nikaona piano ni mgonjwa, na mzee wa watu anaona haya kuomba itengenezwe.

Halafu kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka. Hospitalini alibaki na mkono wa kushoto na sauti moja tu, "sa, sa, sa."

Habari zikaja kwamba binti yake yuko njiani. Huyo binti ni mpiga piano wa muziki wa zamani, ule mtulivu wa miaka mia mbili nyuma. Walikuwa hawajasemezana miaka tisa. Mlinzi alinieleza kwamba siku moja, ukumbini, mbele ya watu, binti alisimama akasema, "Baba, huu si muziki, ni ajali." Mzee akachukua koti lake la kahawia akatoka, na yakaishia hapo.

Sasa mkuu wa chuo akasema chumba cha saba kisafishwe vizuri, mgeni atakikuta. Nikaingia Jumanne asubuhi na vitambaa vyangu. Nikafuta dirisha, nikafuta meza, na kwa mara ya kwanza nikainua kifuniko cha piano.

Nilishika mdomo. Skrubu zimechomekwa kati ya nyuzi. Nati, bolti, vipande vya kifutio, vibao vyembamba, mpira wa dirisha, na kifungo cha nguo. Nikasema, masikini, ndiyo maana ilikuwa inalia vile. Nikakaa chini kwa subira yangu yote, nikatoa kimoja kimoja kwa vidole, nisikwaruze uzi hata mmoja. Vitu thelathini na nane. Sikuvitupa, kiwandani hatutupi. Nilivipanga kwenye kopo la maziwa ya unga: skrubu na skrubu, nati na nati, kubwa chini, ndogo juu. Kisha nikabonyeza kibonyezo kimoja kwa kidole kilicholowa. Ikalia safi kama maji. Nikajisikia nimemtibu mgonjwa.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Mimi ninao saba, na siku ile nilimpata wa nane.

Binti alifika Jumatano. Mwanamke mrefu, wa miaka arobaini hivi, macho yamevimba kwa safari. Mezani palikuwa na karatasi za muziki za baba yake, na juu kabisa mzee alikuwa ameandika kwa mkono: *Kwa binti yangu. Ajali ya mwisho.* Binti alisoma pale nikiwa mlangoni na ndoo yangu. Akakaa kwenye kiti, akaanza kupiga, akaacha. Akainua kifuniko.

"Nani ametoa vitu humu?"

Mlinzi, aliyembebea sanduku, akatazama dari. Ningeweza kunyamaza. Kwenye jengo lile walipita watu mia kwa siku.

"Mimi, mwanangu," nikasema. "Nilidhani ni uchafu. Vyote vipo, hivi hapa."

Akapokea kopo, akatazama nilivyopanga, kubwa chini, ndogo juu. Akakaa sakafuni.

"Vilikuwa vimekaa wapi?"

"Mle ndani."

"Wapi mle ndani, Bibi? Uzi upi? Mbali kiasi gani? Wenzake wanaotia vitu kwenye piano huandika jedwali, skrubu fulani, uzi fulani, vidole vingapi kutoka mwisho. Baba hakuandika. Nimepekua kila karatasi." Aliongea kwa sauti ya chini, bora angenipigia kelele. "Hukufuta vumbi, Bibi. Umemfuta baba."

Daktari alikuwa ameruhusu mzee aletwe chuoni Jumamosi mchana, kwa saa moja. Ya Jumapili hakuiahidi. Binti alitaka kitu kimoja tu, baba yake asikie kutoka kwenye mikono yake kile kitu alichokiita ajali, kikiwa kimekaa sawa, kama alivyokitengeneza. Sasa alikuwa na karatasi, na mikono, na kopo la vyuma.

Nilisimama pale na dekio. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Piga hiyo ya kwanza," nikamwambia.

"Ya nini?"

"Piga, mwanangu. Miezi saba nimeisikia."

Akapiga. "Hiyo ilikuwa na bati," nikasema. "Bati lenye mvua kidogo." Akatazama kopo, akachukua skrubu ndefu, akaichomeka kati ya nyuzi. "Hapana, hilo ni bati kavu. Sogeza." Akasogeza. "Bado. Sogeza. Hapo. Hapo ndipo."

Akanigeukia kana kwamba sasa ndiyo nimeingia.

Siku tatu tulifanya hivyo. Mkuu wa chuo aliniondolea kazi ya korido, mlinzi akadeki badala yangu, na alideki vibaya. Ya pili ilikuwa kijiko kwenye bilauri. Ya tano mlango wa kabati lililojaa nguo, hapo tukaweka kifutio. Ya tisa ilitutesa asubuhi nzima, mpaka nikakumbuka kwamba kila ilipolia nilikuwa nageuka kutazama kama baiskeli inakuja. Nati mbili juu ya skrubu moja, zilizolegea. Nilipofumba macho niliuona mkono wa mzee, ingawa sikuwahi kuuona ukipiga.

Ijumaa mlinzi alileta chai, akasikiliza. "Mzee Karakana amerudi," akasema, halafu akaona aibu, akatoka.

Ilipofika Ijumaa saa tisa kopo lilibaki na kitu kimoja, kifungo cha kahawia chenye matundu manne. Na kwenye karatasi ilibaki sauti moja isiyo na kitu, ile ya mwisho, inayopigwa mara saba, kwa kutulia sana kati ya moja na nyingine.

"Hii ilikuwaje, Bibi?"

"Hii siijui, mwanangu. Nilikuwa nimeshakwenda nyumbani."

Akakichomeka kifungo karibu na nyundo ndogo inayogonga uzi, ikalia kama kidole kinachogonga meza. Akakisogeza kati, ikawa kama ngoma chini ya mto. Mbali, ikawa kama mtu anayelia puani. Mahali kumi, sauti kumi, zote zingeweza kuwa zake.

"Ipi angeipenda?" akaniuliza. Halafu akajijibu. "Mtoto wake ni mimi, nami namuuliza mama wa usafi."

Sikuudhika. Ilikuwa kweli, na yeye ndiye iliyemuuma.

Mwisho alikitoa kifungo akanitia mkononi. "Nitaiacha tupu. Kama sijui alichosema, bora nisimsingizie."

Jumamosi walimleta, wakampandisha juu na kiti chake cha magurudumu, amevaa koti lake la kahawia juu ya nguo za hospitali. Alikuwa amepungua, koti lilimvaa yeye. Tulikuwa watu watano mle chumba cha saba. Binti alipiga magoti, akampa mkono, na mzee akaushika na ule wa kushoto. Kisha binti akakaa kwenye piano.

Akapiga. Zile kumi na mbili zilipita kwenye foleni yao, bati, bilauri, kabati, baiskeli. Kidole cha mzee kilikuwa juu ya mkono wa kiti, kinapanda na kushuka kwa kila moja, na hakikukosea, nasi hatukukosea. Mzunguko ukaja, ukarudi, ukarudi, ukabadilika unywele. Nilikuwa nalia bila kujua nimeanza saa ngapi.

Kisha ule mwisho. Baada ya vyuma vyote vile, ikalia sauti moja tupu, safi kama maji. Kidole cha mzee kilikuwa kimeinuka. Hakikushuka. Ikalia ya pili, ya tatu, mpaka ya saba, na kidole kikabaki pale juu hewani. Ilipokwisha akafumba macho, na machozi yakamtoka upande mmoja, ule uliokuwa mzima.

Alikufa Jumatatu alfajiri.

Binti alinifuata chumba cha kufulia nguo na lile koti, nilipige pasi avikwe. Tulikaa wawili, pasi inapata moto. Nikalilaza koti mezani, na mkono wake ukatangulia wangu.

"Bibi. Angalia."

Vifungo vya kahawia, matundu manne. Cha tatu hakipo.

"Kilidondoka," akasema. Alianza kucheka na kulia kwa pamoja. "Aliinamia piano, kikadondoka. Hakikuwa cha humo. Sauti ya mwisho ilikuwa tupu, Bibi. Baba aliiacha tupu, nami nimeiacha tupu, sikuambiwa na mtu." Akanishika mabega. "Kidole chake. Ndiyo maana hakikushuka. Alishangaa kwamba nimejua. Si ndiyo?"

Nilivuta koti karibu na dirisha. Miaka kumi na tisa kiwandani, uzi nausoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Kifungo kikidondoka chenyewe uzi huacha manyoya, na kitambaa huvutika. Hapa nyuzi nne zilikatwa sawasawa, kwa mkasi, na mtu aliyejua anachotaka. Mzee alikuwa ametafuta karakana nzima asipate sauti ile, mpaka akakata kwenye koti lake mwenyewe, lile alilolichukua siku aliyotoka ukumbini.

"Si ndiyo, Bibi?"

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Kilidondoka."

Akaenda kunawa uso. Nikatoa kifungo mfukoni mwa aproni, nikatunga uzi kwenye sindano. Kwanza nikazing'oa zile ncha nne zilizokatwa, moja moja, zisibaki. Nikakishona, mara sita kila tundu, nikakizungushia uzi shingoni kama tulivyofundishwa ili kisitoke tena. Halafu nikapiga koti pasi.