Kanuni ya Fisi

Mazishi niliyomfanyia Lembris yalikuwa mazuri, na mpaka leo sikubali kuambiwa vingine. Jeneza la mninga, waimbaji, msalaba, kisha mawe juu yake mpaka kikawa kilima cha kuonekana kutoka mbali. Germana alilia mpaka mandazi yakaungua jikoni. Lembris mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu, mzima kabisa, kikombe cha chai mkononi, ananitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu na anaona aibu kusema.

Ngoja nieleze. Mwaka 1984 nilikuwa msichana, mwalimu wa darasa la tano hapa Karatu, na nilikuwa na sanduku. Aliniachia mzungu mmoja wa kujitolea aliyekuja kuchimba visima kwetu Kansay, kwa sababu katika kijiji kizima ni mimi tu niliyemuuliza ndani mna nini. Ndani mlikuwa na mchezo. Mtu mmoja, msimulizi, anawaeleza wenzake mahali walipo na hatari iliyo mbele yao. Kila mwenzake ana shujaa wake, na anasema shujaa huyo anafanya nini. Kete inaamua kama amefaulu au ameumia. Hakuna mpira, hakuna mshindi, kazi yote iko mdomoni. Mtu wa maneno kama mimi ningekataaje?

Kila Jumamosi mchana tulikutana kwenye hoteli ya chai ya Germana. Yeye alikuwa mchezaji wa kwanza, maana meza ni zake. Wa pili alikuwa fundi Inosenti, seremala, aliyetuchongea kete kwa mti wa mloliondo baada ya zile za sandukuni kupotea. Zilikuwa na pande nane, na alizipenda kuliko mke wake. Hayo aliyasema mke wake. Wa tatu alikuwa Lembris, bwana mifugo, Mmasai wa Nainokanoka, mrefu, mpole, mwenye kicheko kinachoanza kabla utani haujaisha. Nilimpenda. Sikumwambia mtu, lakini Germana alijua tu, maana siku zile sukari ilikuwa haionekani Karatu nzima, na bado chai ya Lembris ilikuwa tamu. Ulikuwa mgawo wangu.

Kanuni zilisema kila shujaa apewe jina la kubuni. Wenzangu waligoma.

"Nijiite jina la mtu mwingine, kwani mimi nimefanya kosa gani?" alisema Inosenti.

Basi shujaa wa Inosenti akaitwa Inosenti, wa Germana akaitwa Germana, wa Lembris akaitwa Lembris. Na mimi yale majumba ya mawe ya Ulaya yaliyokuwa kwenye kanuni nikayatupa, joka lake nikalihamishia ndani ya kreta ya Ngorongoro, mahali ambapo kila mmoja wetu aliweza kupaona akifumba macho.

Sandukuni mlikuwa pia na kijitabu cha nyongeza, kanuni za wafu wanaoamka. Kila aina ya mfu ilikuwa na ukurasa wake: nguvu zake, anachokiogopa, namna ya kumuua mara ya pili. Nilikitafsiri jioni baada ya jioni, nikaja nacho hotelini nimejaa furaha, nikawasomea habari za mifupa inayotembea.

Lembris akaanza kucheka. "Mwalimu, kwetu mifupa hiyo itatoka wapi? Fisi haishii kwenye nyama. Anakula na mifupa."

"Kanuni ni kanuni," nikamwambia.

"Haya. Ila huyo aliyeandika hajawahi kumwona fisi."

Tulicheka wote, nikafungua ukurasa mwingine. Ningemsikiliza siku ile, nisingekuwa na cha kusimulia leo.

Haukupita muda, shujaa Lembris akauawa na joka kwenye ukingo wa kreta, akimwokoa Germana. Kete ilimkataa, na mimi si mtu wa kuidanganya kete. Ndipo nikamfanyia yale mazishi. Katika dini yetu kumzika mfu ni tendo la huruma, na mimi nilimzika kwa huruma yote niliyokuwa nayo, pamoja na ile niliyokuwa naificha. Nilidhani ataona.

Jumamosi iliyofuata nikakifuata kijitabu. Kilisema shujaa aliyelazwa chini ya kilima cha mawe huamka, huenda kuwawinda wale aliowapenda. Basi nikamwamsha. Nikaeleza anavyosukuma mawe, anavyoteremka kuelekea boma la Germana, macho yake hayana mtu ndani. Nilieleza vizuri mno. Inosenti alivuta kiti chake nyuma.

Lembris akasimama, akachukua fimbo yake.

"Umenitia shimoni," akasema taratibu. "Halafu umenitoa nikawale rafiki zangu. Nimekukosea nini, Mwalimu?"

Akatoka. Kikombe chake kilibaki mezani kimejaa, na sukari yangu ndani.

Kwanza nilikasirika. Mimi hasira huja mbio, akili hufuata nyuma kwa miguu. Nikamwambia Germana kwamba mwanamume mzima hanuni kwa ajili ya mchezo, kwamba mazishi kama yale hata matajiri wa Arusha hawayapati, na mengine ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Germana aliniacha nimalize.

"Umewahi kumuuliza kwao mtu anazikwaje?" akaniuliza.

"Sijamuuliza."

"Basi nyamaza ukamuulize. Na uharakishe. Ofisini wamemwambia achague, abaki hapa au ahamie Loliondo. Si Jumatatu hii, ile inayofuata ndiyo anajibu."

Hapo hasira ikaniisha yote. Siku zile, kwa barabara ile, mtu akihamia Loliondo ulimwona Krismasi, tena mvua ikitaka.

Alhamisi nilimkuta joshoni, anawasukuma ng'ombe mmoja mmoja waingie kwenye maji ya dawa, amelowa mpaka kifuani.

"Takwenya, Mwalimu," akanisalimia. Mtu wa adabu hakunyimi salamu hata akiwa amenuna.

"Iko," nikaitikia, halafu nikaenda moja kwa moja. "Ulitaka nikufanyieje?"

Hakujifanya hajaelewa. "Ungenipaka mafuta, ukanilaza magharibi ya boma, ukaenda zako bila kugeuka. Mzee mmoja wa kwetu alichukuliwa na fisi usiku ule ule, na watu walifurahi, wakajua alikuwa mtu mwema. Mawe ni ya wazee wakubwa. Mimi kijana, sina hata mke, unanirundikia mawe ya nini?"

"Lakini siku hizi si mnazika?"

"Wengine tunazika. Mimi nikifa kweli, watu wa kanisani watajua la kufanya. Ila yule wa mchezo ana ngao na mkuki, anapigana na joka. Yule ni mtu wa zamani. Yule ni wa fisi."

"Na fisi wakimkataa?"

Akaacha kusukuma ng'ombe. "Hapo ni shida. Watu wa nyumba yake wanachinja kondoo pale pale alipolala, fisi wasikie harufu waje. Wasipokuja hata hivyo, huyo sasa ni wa kumwogopa."

Nilisimama pale na harufu ya dawa puani, nikaona jinsi aliyeandika kijitabu alivyohangaika bure na makaburi yake. Mfu wa kutisha hakuhitaji kaburi; ilitosha fisi wapite wamnuse, waendelee na safari. Nikamwambia Lembris kuna ukurasa umepungua, nitauandika mwenyewe, aje Jumamosi asikie.

"Nitaona," akasema. Ng'ombe akaruka ndani ya josho, maji yakatumwagikia wote wawili. Lembris akacheka, akakumbuka kwamba amenuna, akajikaza.

Jumamosi alichelewa kufika mpaka nikavunja ncha ya penseli kwa meno. Kwenye meza ya jirani alikaa mzee Hhando, balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa akitushuku siku nyingi kwamba tunapanga jambo. Mwishowe Lembris akainama mlangoni, akaingia, akakaa mahali pake. Germana akamletea chai kabla hajaomba.

Nikaanza bila kumtazama. "Mawe tumeyaondoa. Tumempaka mafuta, tumemlaza magharibi ya boma. Kete ikitoa tano au zaidi, fisi wanamchukua, anapumzika. Nani atakuwa fisi?"

Inosenti akaishika kete yake.

"Lete kete," akasema Lembris. "Fisi ni mimi."

Akairusha. Ikatoa mbili. Inosenti aliitazama kete yake kama mtoto aliyemtia aibu mbele ya wageni.

"Fisi amenusa," Lembris akasema, na sauti yake haikuwa na utani. "Ameondoka."

"Nachinja kondoo!" nikasema haraka.

"Huwezi."

"Siwezi kwa nini? Msimulizi si mimi?"

"Kondoo anachinjwa na watu wa nyumba yake. Germana si wa nyumba yake. Inosenti si wa nyumba yake." Akaweka kikombe chini, akanitazama usoni. "Wewe ni nani kwake, Mwalimu?"

Kijitabu hakikuwa na jibu, wala ukurasa wangu. Germana aliacha kupepea mkaa. Ningeweza kusema mimi ni dada yake, au shangazi, mtu wa kubuni tu, na mchezo ungeendelea. Lakini Jumatatu ilikuwa kesho kutwa.

"Mimi ni wa nyumba yake," nikasema. "Nataka kuwa wa nyumba yake. Na sisemi habari za mchezo."

Lembris aliokota kete, akaifumbata, akairusha. Ikaviringika mezani, ikagonga kikombe, ikasimama. Nane. Ndipo kile kicheko kikaanza, kikapanda, kikageuka kuwa mlio wa fisi, mlio hasa, wa usiku wa Nainokanoka, mbwa wote wa mtaa wakaitikia mchana kweupe. Germana alipiga vigelegele. Inosenti aliibusu kete. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja na sikujali nani ananiona.

Mzee Hhando alikuwa amesimama. "Kondoo amechinjwa wapi?" akauliza kwa ukali. "Mbona mimi balozi sina habari?"

Jumatatu Lembris aliwajibu ofisini kwamba anabaki Karatu. Jumapili iliyofuata alikuja Kansay kwa baba yangu, amevaa shuka mpya, anamvuta kondoo mnene kwa kamba. Baba alimzunguka yule kondoo, akamshika mgongo, akaridhika naye, kisha akauliza ni wa nini. Lembris akanigeukia mimi. Basi nikamvutia baba kigoda, nikamwomba akae vizuri kwa sababu maneno ni mengi, nikaanzia kwenye sanduku.