Sauti Yangu Mezani kwa Jonah

Sauti yangu ilitoka kwenye simu ya Jonah, ikakaa katikati ya vikombe kama mgeni asiyealikwa. Wanangu watatu waliweka vikombe chini. Mimi mwenye sauti nilikuwa pale pale, nimeshika kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, nikijisikia nikisema: "Ile mistari ya chai ya kule mtoni niliipanda mwenyewe. Itakuwa ya Tecla."

Tecla ni binti yangu, aliyerudi nyumbani ndoa ilipomshinda. Kwetu neno la shamba huambiwa kwanza mtoto mkubwa, ana kwa ana, mkinywa mursik, na mama ndiye huchagua siku. Nilikuwa nangoja Jonah alainike.

Cheptoo, mjukuu wangu, binti wa Jonah aliyesomea kompyuta Kericho, ndiye aliniwekea simu ya kuhifadhi maneno. Nilibonyeza mahali pamoja tu, pekundu, nikaongea: hadithi, majina ya waliotutangulia, namna ya kusugua kibuyu kwa mkaa wa mti wa senetwet. Nikinyamaza, simu yenyewe iliyafunga maneno na kuyapeleka kwenye kompyuta ya mbali, bila mimi kugusa kitu. Nilipouliza kama njia ni salama, alicheka. Hata mwizi akiyadaka njiani, alisema, atakuta herufi zimepondwa kama mboga.

"Ufunguo ni wangu na wako, kogo," akasema, akiniita bibi kwa lugha yetu.

Basi jioni moja ya mvua nikaiambia simu lile la Tecla, nijaribu kwanza namna litakavyosikika.

Mezani Jonah hakupaza sauti. "Mama, ulikuwa utuambie lini?"

Nilimgeukia Cheptoo. Alikuwa akikwangua rangi ya kucha. Nikamuuliza nani amefungua.

"Hakuna mtu amefungua, kogo. Niliiweka iwe inamtumia baba pia. Tangu siku ya kwanza." Kisha, polepole: "Si baba ndiye alinunua simu."

Siku ya kwanza. Kumbe hata zile jioni nilizomlilia marehemu baba yao zilimfikia Jonah, na asubuhi alipita kunisalimia, akauliza kama ng'ombe ametoa maziwa vizuri.

Tecla alisema hataki majani ya kugombaniwa. Wiki hiyo alihamia Silibwet na cherehani yake. Mistari ya mtoni sasa inachumwa na watu wa Jonah.

Cheptoo alikuja baadaye kuniambia ameshamtoa baba yake, sasa maneno yatafika mahali pamoja tu. Nikamwandalia chai, nikamrudishia simu pamoja na chaja yake.

Siku hizi nikiwa na neno la kumwambia Tecla, navaa gambuti, nateremka Silibwet. Nikifika, kabla ya salamu, nafunga mlango wake.