Mngurumo wa Saa Kumi na Dakika Kumi

Wifi wa mpanga kurasa aliingia saa tisa na nusu alasiri akiwa na maboksi mawili mkononi na mizani ya jikoni kwapani. Dukani kwao walimwita Mama Gramu, kwa sababu hakuuza kompyuta yoyote kabla hajaipima mwenyewe. Karatasi za kiwandani, alisema, ni kama barua za uchumba, zinataja mazuri tu.

"Wifi, ondoa hayo makaratasi mezani. Nimekuletea posa mbili. Mmoja mwembamba, mmoja ana mifupa."

Mpanga kurasa alicheka kidogo, akasogeza kurasa za kitabu cha hesabu. Kwa miaka kumi na minne alikuwa akipanga vitabu vya shule humu nyumbani, kwenye kompyuta kubwa ya mezani. Sasa mchapishaji alimtaka ofisini siku tatu kwa wiki kuanzia Jumatatu, na kompyuta ya mezani haibebeki kama kikapu. Alihitaji kitu chepesi. Hayo ndiyo aliyomwambia wifi yake. Hakumwambia kwamba alitamani Jumatatu isifike, maana siku hizo tatu, ikigonga saa kumi na dakika kumi, yeye hatakuwa nyumbani.

Mama Gramu alizitoa kompyuta mpakato mbili maboksini, akaweka ile nyembamba kwenye mizani. "Gramu mia tisa na themanini. Chaji inakaa siku nzima, kioo kama maji ya kisima. Bei, usiniulize kabla hujakaa." Akaiondoa, akaweka ya pili. "Kilo moja na gramu mia mbili na arobaini. Chaji saa tisa. Inakuachia theluthi ya hela mfukoni."

"Programu zangu?"

"Ya kupanga kurasa inakubali zote mbili. Ile ndogo ya alama za hesabu haikutengenezewa huyu mwembamba. Utapanga sehemu na vipeo kwa mkono, mpaka ulie."

"Na matundu?"

"Hapo ndipo posa inapovunjika." Aliigeuza ile nyembamba ubavu. "Mawili tu, madogo, na moja linaliwa na chaji. Ukitaka kuchomeka kitu cha zamani unanunua adapta, na adapta utaisahau nyumbani siku unayoihitaji. Huyu wa mifupa ana madogo mawili, moja pana la zamani, la projekta, na la kusikilizia. Kizuri chajiuza, wifi, lakini mwembamba huyu ana sifa moja mwenzake hana. Sikiliza."

Wakanyamaza wote wawili.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo sifa yenyewe! Hana feni. Unaweza kulala naye chumba kimoja usijue kama yumo."

Mpanga kurasa alisisimka mwili, akasingizia upepo, akaenda kufunga dirisha.

Nyuma ya ukuta wa chumba hicho kulikuwa na chumba cha marehemu mumewe, kaka yake Mama Gramu, mchora ramani. Enzi za uhai wake, kila siku saa kumi na dakika kumi kompyuta yake ilinguruma nyuma ya ukuta, ikatulia, kisha sauti yake ikaita, "Nimemaliza! Haya, nawe pumzika. Macho hayana spea!" Naye alikuwa akijibu "Haya bwana" na kuendelea na kazi.

Miezi minane sasa tangu wamzike. Mngurumo haukuacha kuja. Saa ile ile, nyuma ya ukuta ule ule, mashine ambayo hakuna aliyeigusa iliamka, ikahema kwa dakika chache, ikanyamaza. Sauti tu ndiyo haikufuata. Ilikuwa kama kusikia nyayo zikifika mlangoni na mgeni asibishe hodi. Kila siku mpanga kurasa aliweka kalamu chini akasubiri hodi hiyo. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kwa maneno gani?

"Meza hii finyu," alisema Mama Gramu. "Tukaziweke kwa kaka, kule kuna mwanga."

"Hapana, wifi, huko kuna vumbi."

"Vumbi la kaka yangu halinidhuru." Akawa keshashika kitasa.

Kompyuta mpakato ya marehemu ilikuwa mezani, waya wa umeme ukiwa umechomekwa kama alivyouacha. Juu yake lilikuwa limelala kamusi nene kuliko yote yaliyokuwamo nyumbani.

"Hili kamusi linafanya nini hapa?"

Mpanga kurasa alisimama mlangoni. "Kifuniko kilikuwa kinainuka."

"Kinainuka vipi?"

"Chenyewe. Mwezi wa nne kilipanda kama unene wa ukucha. Mwezi wa sita, penseli ingepita. Nikaona..." Aliona nini? Kwamba mtu alikuwa akifungua kutoka ndani.

Mama Gramu aliliinua kamusi kwa mikono miwili. Kifuniko kilipanda polepole, bila kuguswa, kimo cha kidole kizima, kikabaki kinatetemeka. Alirudi nyuma hatua moja, halafu akainama kuchungulia ubavuni.

"Yallah! Betri, wifi. Imevimba kama andazi. Miezi minane kwenye umeme usiku na mchana! Na wewe ukaigandamiza na kamusi? Ungeungua humu ndani na hayo makaratasi yako, tukaokota herufi tu." Akanyoosha mkono kwenye waya.

"Usichomoe!"

Hakuwahi kumpandishia wifi yake sauti. Wote wawili walishtuka.

"Subiri saa kumi na dakika kumi," alisema, sasa kwa upole. "Nakuomba. Ukishasikia, fanya utakavyo."

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano. Mama Gramu alimtazama usoni kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. Waliibeba mashine juu ya sinia, wakaiweka kwenye sakafu tupu ya saruji, mbali na pazia, waya wake ukiwa umenyooshwa kutoka kwenye soketi, bado umechomekwa, na ndoo ya mchanga kando. Wakakaa chini kama watu walio zamu kwa mgonjwa.

Saa ilipofika, mashine ilinguruma.

Mama Gramu alijishika kifua. "Kaka," alisema, kwa sauti ya binti mdogo.

Kisha ufundi ukamrudia. Akafungua kifuniko kwa ncha za vidole, akauliza neno la siri, akaambiwa. Kwenye kioo kulikuwa na kidirisha cheusi, na maandishi meupe yakipanda mstari kwa mstari. Kila mstari ulikuwa na tarehe yake, na baada ya tarehe maneno yale yale:

*Mzigo nimeufunga. Sijaiona diski. Nitajaribu tena kesho.*

Aliyarudisha maandishi juu. Jana, juzi, mwezi jana. Mistari mia mbili na arobaini na mitatu, yote ikiahidi kesho.

"Ameiandika mwenyewe programu hii," alisema Mama Gramu. "Alijifundisha, hakusomea. Mtu aliyesomea angeitafuta diski kwanza. Yeye anafunga mzigo mzima ndipo anatoka kutafuta gari." Alisoma tena. "Na huu mzigo si ramani zake. Ni vitabu vyako, wifi. Inavivuta kutoka kompyuta yako, inavihifadhi. Kila siku."

Mpanga kurasa alikumbuka mwaka ule alipopoteza sura tatu za kitabu cha sayansi, akalia jikoni. Mumewe alimkuta huko. Wiki iliyofuata ndipo mngurumo ulipoanza.

"Diski iko wapi?" aliuliza Mama Gramu.

Mpanga kurasa alijua. Ilikuwa kwenye droo yake, chini ya rula, na kila siku aliiona bila kuitazama. Asubuhi ile ya kwenda hospitali simu yake haikuwa na chaji, na soketi zote ukutani zilikuwa zimejaa. Alikuwa ameichomoa diski ili achomeke simu kwenye tundu pana la kompyuta ya mumewe. Dakika tano tu, alisema. Mumewe, ameshikilia fremu ya mlango, viatu tayari miguuni, alimwambia, "Usisahau kuirudisha." Hakusema neno lingine ndani ya nyumba hii.

"Niliichomoa mimi," alisema. "Nikasahau."

Mama Gramu alielekeza mlango kwa kidevu. "Kailete."

Aliileta, lakini alipochutama mkono wake ulisita. "Nikiichomeka ikamaliza, kesho itanguruma?"

"Betri hii hailali humu leo, imalize isimalize. Kesho hakuna." Alishusha pumzi. "Nikichomoa umeme sasa, basi ameondoka na kazi mkononi. Ukimwachia amalize, nakupa dakika kumi. Joto likizidi nachomoa, na usinililie."

Mpanga kurasa aliichomeka diski. Iliingia kwenye tundu pana bila kubishana. Mama Gramu aligonga amri, na mngurumo ukaanza upya.

Taa ndogo ya diski ikawa inapepesa. Dakika ya tatu, ya tano. Plastiki ya mashine ililia *tik*, na kifuniko kikapanda tena kidogo. Mama Gramu alikuwa ameshika waya kwa mkono mmoja, kiganja cha pili kikielea juu ya mashine kama cha mtu anayepima homa ya mtoto. Dakika ya nane alisema, "Wifi..."

"Bado kidogo."

"Inachemka."

"Bado kidogo, mwachie."

Dakika ya tisa maandishi yakasimama. Mstari mmoja ukaongezeka chini kabisa:

*Nimemaliza. Haya, nawe pumzika. Macho hayana spea.*

Feni ikapunguza, ikapunguza, ikanyamaza. Miaka yote ile alidhani mumewe anayatoa maneno hayo kichwani. Kumbe alikuwa akimsomea.

"Haya bwana," alisema mpanga kurasa.

Mama Gramu alichomoa waya. Kisha akajifuta uso kwa upindo wa kitenge, akabeba sinia kuelekea nje, aende nayo kwa fundi wa betri. Mlangoni aligeuka.

"Tumesahau posa. Yupi?"

"Wa mifupa. Ana tundu pana. Na alama za hesabu."

"Na feni."

"Na feni," alikiri.

Mama Gramu alisimama na sinia yake, akitazama chini. "Wifi. Kesho saa kumi nikipita, sitakuwa nakusumbua?"

Kesho yake alikuja saa kumi kasoro. Mashine mpya ilikuwa mezani, diski ubavuni, programu ya marehemu ndani yake, haikubadilishwa hata herufi. Saa kumi na dakika kumi ilianza kuunguruma, kidogo tu, kama paka.

Iliungurumia mezani, mbele ya macho yao. Lakini wote wawili walikuwa wamegeuza nyuso, wanautazama ukuta.